La grande guerra haikushinda Venice peke yake

Ukiambiwa filamu ya La grande guerra ilishinda Venice peke yake, hapana, ile Simba wa Dhahabu ya 1959, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, waligawana filamu mbili, La grande guerra ya Mario Monicelli na Il generale Della Rovere ya Roberto Rossellini, iko hivyo kwenye orodha ya washindi ya tamasha lenyewe. Ila anayekwambia La grande guerra ni komedi tupu hajafika mwisho, maana waigizaji Alberto Sordi na Vittorio Gassman humo ni wanajeshi wa Italia wanaokwepa mapigano kwa kila namna vita ya kwanza ya dunia, unacheka weee, halafu Waaustria wanawakamata, wanagoma kutoa siri za jeshi lao, wanapigwa risasi, na kapteni wao anabaki anaamini wamekwepa tena. Pale mi huwa naumia kweli.