Tumefunga Linux, tumesakinisha, au "tumefanya usakinishaji"?

Fundi wa maabara katika idara ya sayansi ya chuo kikuu kimoja nchini ameniandikia: "Mwalimu, shikamoo. Tumeletewa vishikwambi tuviwekee Linux kwa ajili ya mazoezi ya wanafunzi. Kwenye tangazo niliandika 'Tumefunga Linux kwenye vishikwambi.' Mkuu wa idara akalirekebisha: 'Idara imeweza kufanya usakinishaji wa mfumo endeshi wa Linux katika vishikwambi, hivyo wanafunzi wanaombwa kufanya uhifadhi wa kazi zao kabla ya kufanya uzimaji.' Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Kwenye kitenzi, mkuu wako amekushinda. Tunafunga mita, tunafunga injini, tunafunga projekta darini: vitu vya skrubu na bisibisi. Kwenye skrini, Funga lina kazi nyingine kabisa, ya kuiondoa programu iliyo wazi. Mwambie mwanafunzi wa mwaka wa kwanza "funga Octave kabla ya zoezi la matriki" uone. Ataitafuta programu hiyo ya hesabu, ataifungua, ataifunga, kisha atakaa akikutazama. Sakinisha halina utata huo. Linatokana na sakini, kukaa mahali, la asili ya Kiarabu, ndugu wa maskani. Likikukwama kooni, sema weka. Tumeliacha weka kana kwamba ni neno la watoto, ilhali linatosha.

Hapo ushindi wa mkuu wako unakoma, maana hakusakinisha, amefanya usakinishaji.

Huyu "kufanya" ananikosesha usingizi. Kitenzi kipo, kizima, kina nguvu zake. Mwandishi anakikamata, anakigeuza nomino, halafu anaona sentensi haina kitenzi, anaazima "fanya" kuja kukibeba. Hatuhifadhi tena, tunafanya uhifadhi. Hatukagui, tunafanya ukaguzi. Nyumbani nani amewahi kusema "Mama, fanya upakuaji wa ugali"? Angelala njaa. Mtu huyohuyo akivaa tai na kuketi mbele ya kompyuta, anafanya upakuaji wa faili mchana kutwa.

Hebu tuufuate mtindo huu mpaka mwisho wake, kwenye mwongozo utakaobandikwa mlangoni mwa maabara: "Kishikwambi kikifanya ugandaji, fanya ubonyezaji wa kitufe cha kufanyia uzimaji, fanya usubiriaji kidogo, kisha fanya uwashaji." Umecheka? Tangazo la mkuu wako limepungukiwa na usubiriaji tu.

Mwaka 2004, mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo humfunza mtu haraka, kwa sababu kitufe ni kidogo. Hifadhi. Futa. Tafuta. "Fanya utafutaji" haliingii hapo, na hakuna mtumiaji aliyewahi kulililia.

Sisemi fanya lifukuzwe. Fanya kazi, fanya mtihani, fanya biashara, hayo yamezaliwa hivyo. Hata "fanya utafiti" nimelisamehe, ingawa kutafiti kupo. Huwezi kugombana na chuo kizima.

Limebaki "imeweza". Kwa kawaida nalikata bila huruma, maana idara iliyosakinisha bila shaka iliweza. Lakini kishikwambi kilichotoka kiwandani na Windows kina vituko vyake. Kinaweza kukataa kuwaka kwa flashi mpaka uzime Secure Boot, kinga inayozuia kifaa kuwaka kwa mfumo kisioutambua. Ukishasakinisha, pengine skrini haisikii kidole, au picha imelala ubavu, au Wi-Fi haionekani, na unahitaji kibodi ya waya ili utafute dawa yake. Kama mmepitia hayo yote, andikeni "tumeweza", tena kwa herufi kubwa.

Kama hamkuyapitia, bandika hili: "Tumesakinisha Linux kwenye vishikwambi. Hifadhi kazi yako kabla ya kuzima." Mkuu wako akiuliza "mfumo endeshi" limekwenda wapi, mwambie wanafunzi wa sayansi wanajua Linux ni nini. Akisisitiza, mwachie hilo moja. Uzimaji usimwachie.