Hadithi ya Kigiriki kwenye sahani ya Kichina

SWALI: Katika jumba moja la makumbusho niliona sahani ya kauri ambayo maelezo yake yalisema ilitengenezwa China katika karne ya 18. Picha yake, karibu yote ya kijivu na nyeusi, inamwonyesha kijana akimpa tufaha mmoja wa wanawake watatu walio uchi. Mchoraji wa Kichina aliijuaje hadithi ya Wagiriki, au maelezo yale yamekosewa?

JIBU: Maelezo hayakukosewa. Uliyoiona ni Hukumu ya Paris, hadithi ya Kigiriki ambamo kijana aitwaye Paris anachagua aliye mzuri zaidi kati ya miungu watatu wa kike, Hera, Athena na Aphrodite, na tufaha la dhahabu analipata Aphrodite. Kuhusu mchoraji, hapana shaka kwamba hakuhitaji kuijua hadithi hiyo, kwa kuwa wafanyabiashara wa Ulaya walimletea picha iliyochapishwa kwa bamba la shaba, naye kazi yake ilikuwa kuinakili. Vyombo vilichomwa Jingdezhen, mji wa China maarufu kwa kauri, vikasafirishwa kwa mito na kupitishwa milimani hadi Guangzhou, bandari ya kusini mwa China, na huko vingi vilichorwa kwa kufuata maagizo ya wateja, kisha vikarudishwa motoni, safari hii kwa joto la chini ili rangi zishike bila kuharibika.

Rangi ya kijivu ndiyo inayonivutia zaidi. Picha ya bamba la shaba haina rangi, ina mistari myembamba ya wino mweusi tu, na mchoraji aliiiga mistari hiyo mmoja mmoja kwa ncha ya brashi. Nyeusi yenyewe haikupatikana kwa urahisi: padre Mfaransa François Xavier d'Entrecolles, aliyeishi Jingdezhen, aliandika kwamba walijaribu kuchora kwa wino bora wa Kichina, lakini chombo kilipotoka tanurini kilikuwa cheupe kama vile hakijaguswa. Ilibidi ipatikane rangi nyeusi inayostahimili moto, na ndiyo iliyowezesha sahani kama hiyo uliyoiona.

Ukirudi makumbushoni, tazama kivuli kilicho chini ya goti la mmoja wa wale miungu wa kike, nawe huenda ukaona mistari inayokatana kama wavu. Hakuna kivuli cha namna hiyo katika uchoraji wa kale wa Kichina; kimetoka moja kwa moja kwenye bamba la shaba. Kisha tazama macho na miti, kwani hapo mara nyingi mkono wa mchoraji ulirudia mazoea yake.