Linux Mint Xfce, kwa laptop hiyo ya RAM GB 4

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza Linux ipi (mfumo endeshi wa bure unaoshika nafasi ya Windows) uanze nayo huko Nachingwea, laptop ina RAM ya GB 4 na Windows 10 yake haipati tena masasisho tangu Oktoba 2025. Weka Linux Mint, toleo la Xfce, lenye mwonekano mwepesi kwa laptop za RAM ndogo. Menyu iko chini kushoto kama ulivyozoea, Firefox na LibreOffice zimo tayari, na Mint 22 itapata masasisho hadi 2029. Ubuntu ya kawaida, Linux nyingine maarufu, ni nzuri, ila kwa RAM hiyo itakuchosha.

Faili la kupakua la Mint linakaribia GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus, programu ya Windows ya kazi hiyo, washa laptop kupitia flashi hiyo, ujaribu kwanza bila kusakinisha chochote. Hapo ndipo pa kutulia: cheza video usikie sauti, funga kifuniko ufungue, tafuta Wi-Fi. Ya dada yangu hapa Lindi mjini ilikuwa na kadi ya Wi-Fi ya kampuni ya Broadcom, Wi-Fi haikuonekana kabisa. Tukachomeka simu kwa waya wa USB, tukashirikisha intaneti, tukafungua Driver Manager ndani ya Mint na kuweka draiva, yaani programu inayoiwezesha kadi hiyo kufanya kazi. Dakika chache tu, ikashika.

Ukiridhika, hamisha maandalio yako ya masomo na picha kwenye diski ya nje, kwa sababu ukichagua kufuta diski yote hazirudi. Na tafadhali, chaji betri ijae kabla ya kuanza. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, laptop yenye betri iliyokufa itabaki bila mfumo wowote.