Diski ikianza kugonga, nakili kwanza

Ndugu, nimekuelewa: diski moja kati ya mbili za seva yako inagonga tik-tik, mafaili yanafunguka kwa kusuasua, nawe unauliza kama RAID 1 (mpangilio wa diski mbili zinazohifadhi vitu vilevile) inatosha kuwa nakala ya akiba. Haitoshi. RAID 1 inaakisi hata makosa. Nilifuta folda ya picha usiku mmoja, ikatoweka kote kuwili papo hapo.

Leo hii nakili vya muhimu kwenye diski ya nje. Jaribu kufungua mafaili mawili matatu kutoka humo, kisha ichomoe. Ukaguzi wa diski nzima usubiri, utaichosha bure. Baadaye endesha smartctl -a (amri inayoonyesha afya ya diski) ukiitajia diski hiyo, utazame mstari namba 5 (sehemu mbovu zilizobadilishwa) na 197 (zinazoshukiwa kuwa mbovu): hesabu zake zikipanda, badilisha diski.

Diski zote mbili zikigoma kusomeka, zima seva, mtafute fundi wa kuokoa data. Bisibisi weka mbali.