Jina la näktergal halina uhusiano na kichaa (au linao, lakini kinyume)

Umeuliza kama "gal" ya näktergal, jina la Kiswidi la ndege anayeimba usiku (nightingale kwa Kiingereza), ndo ile ya galen, yaani kichaa, kwamba ni ndege anayechanganyikiwa usiku. Hapana aisee. Jina limeingia Uswidi kutoka Kijerumani cha kaskazini cha zamani, nachtegale, yaani usiku + kuimba, ndo maana linafanana na Nachtigall ya Wajerumani na nachtegaal ya Waholanzi. Hicho kitenzi Waswidi wanacho mpaka leo, gala, ila siku hizi kimebaki zaidi kwa jogoo akiwika, tuppen gal, na kwa yule ndege gök (kekeo).

Sasa utamu uko hapa: galen yenyewe ndo imetoka kwa gala! Zamani gala ilikuwa pia kuimba maneno ya uganga, kwahiyo galen alikuwa mtu aliyeimbiwa, aliyerogwa, halafu taratibu ikawa kichaa tu. Mi hii naipenda mno kwa kweli.

Na huyu ndege si mgeni kwetu. Mwezi wa 5 anaimba usiku kucha vichakani huko Skåne na Öland, kusini mwa Uswidi, ila baridi ikikaribia anashuka Afrika Mashariki, na pale hoteli ya Ngulia, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya, usiku wa ukungu mwezi wa 11 na wa 12 ndege hawa wanavutwa na taa, wananaswa kwa nyavu, wanavalishwa pete ya utambulisho mguuni na kuachiwa, kazi inayofanyika tangu 1969.