"Wamepanda daladala": ni kirai au ni sentensi?

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha tatu hapa Tabata. Kwenye Kiingereza amefundishwa kwamba kirai hakina kiima na kitenzi chake, ila kishazi kinavyo. Kwenye Kiswahili mwalimu akaandika ubaoni "Wanafunzi wamepanda daladala", akasema "wamepanda daladala" ni kirai kitenzi. Mtoto akabisha: hayo maneno si yanaweza kusimama yenyewe kama sentensi? Nani yuko sahihi? Na la pili, ofisini tumebandika tangazo: "Wafanyakazi wote ambao waliochukua fomu, wazirejeshe masjala kabla ya Ijumaa." Mwenzetu mmoja anasema lina kosa, wengine hatulioni.

JIBU: Mzazi mwenzangu, mtoto hajakosea na mwalimu wake naye hajakosea. Kilichowagombanisha ni kanuni ya Kiingereza iliyohamishiwa kwenye Kiswahili bila kupimwa kwanza kama inaenea.

Kitenzi cha Kiingereza hakimtaji mtendaji. Ukisema "have boarded the bus" ukanyamaza, anayekusikiliza atabaki anangoja: nani hao? Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza anaweza kuchora mstari ulionyooka, huku virai, kule vishazi, na mwanafunzi akauelewa kwa kipindi kimoja. Kiswahili hakiuheshimu mstari huo, maana kitenzi chetu kinatembea na mtendaji wake mgongoni. Kichambue: wa-me-pand-a. Wa- inataja nafsi, -me- inaonyesha kwamba tendo limetimia, -pand- ni mzizi, -a ni kiishio. Konda akiulizwa abiria wa Mbagala wako wapi, akajibu "Wamepanda", ametoa sentensi kamili kwa neno moja. Kiima, yaani anayezungumziwa, kimo; kiarifu, yaani habari inayosemwa juu yake, kimo.

Basi swali la kumuuliza mtoto si "kuna kitenzi hapa?" Muulize "fungu hili linafanya kazi gani hapa lilipo?" Katika sentensi ya ubaoni, neno "wanafunzi" limekwisha kushika nafasi ya kiima. Ile wa- ya kwenye kitenzi inapatana nalo tu. Kilichobaki, "wamepanda daladala", ni upande wa pili wa sentensi, na kwa kuwa neno lake kuu ni kitenzi, tunakiita kirai kitenzi. Sasa futa "wanafunzi". Wa- inapanda cheo, yenyewe ndiyo inayobeba kiima, na maneno yaleyale mawili yamekuwa sentensi. Lawama yangu naielekeza kwa vitabu vya kiada vinavyosema kirai hakina uhusiano wa kiima na kiarifu, halafu mstari unaofuata vinatoa mfano wa kirai kitenzi chenye nafsi na njeo (wakati wa tendo), bila neno la ufafanuzi. Mtoto mwenye akili lazima abishe.

Kwenye mtihani, kiima kikiwa kimetajwa, aandike kirai kitenzi. Kikiwa hakijatajwa, aandike sentensi, na kwenye mchoro wa matawi aonyeshe kwamba nafasi ya kirai nomino (fungu linalofanya kazi ya nomino) iko wazi.

Kuna vitenzi viwili vitatu vitakavyomsumbua. Kile cha hu- ya mazoea hakina nafsi: "hufika mapema" inaweza kuwa mimi, wewe au basi la Morogoro, mpaka nomino au muktadha useme. Na abiria anayepiga kelele "Shusha!" hakutaja nafsi, lakini konda anajua ni yeye anayeambiwa. Kitenzi chenye ku- ni habari nyingine kabisa. "Kupanda daladala saa kumi na mbili asubuhi kunataka viwiko." Maneno yote kuanzia "kupanda" hadi "asubuhi" ni kirai nomino, tena ndicho kiima, ndiyo maana "kunataka" imekuja na ku-. Hakuna nafsi wala njeo ndani yake, kwa hiyo hata ukikirefusha mpaka mwisho wa ukurasa hakitakuwa kishazi.

Kishazi sasa. Ingia duka lolote la nguo Kariakoo, utaona karatasi ukutani au maandishi chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Maneno matatu, vishazi viwili. "Hairudishwi" ni kishazi huru, kinatosha chenyewe ingawa hakina nomino hata moja. "Mali ikishauzwa" kina nomino na kitenzi chenye nafsi, lakini ukikisema peke yake mteja atauliza "ehe, halafu?" Kilichokifunga ni -ki-. Badilisha uweke -me-, "mali imeshauzwa", kamba imekatika, kimekuwa huru. Hapo ndipo Kiswahili kinapopendeza kufundisha: mara nyingi utegemezi umo ndani ya kitenzi, katika silabi moja. Utauona kwenye -ki- ya masharti, kwenye kikanushi chake -sipo- (isipouzwa), kwenye -nge- na -ngali-, kwenye -po- ya wakati (ilipouzwa), na kwenye -o- rejeshi, ile inayorejelea nomino iliyotangulia (waliochukua). Viunganishi kama "kwa sababu" na "ingawa" navyo hufanya kazi hiyo, ila hivyo havimpi mtoto tabu kwa kuwa Kiingereza nacho kinavyo.

Hiyo -o- rejeshi inatufikisha ofisini kwenu. Mwenzenu ana macho. Kishazi rejeshi kinahitaji alama moja ya urejeshi, nyinyi mmeweka mbili: -o ya "ambao" na -o- ya "waliochukua". Chagueni "wafanyakazi waliochukua" au "wafanyakazi ambao walichukua". Yote mawili ni sanifu. Mimi nachukua la kwanza kila linapowezekana, kwa kuwa ni fupi na lina ladha ya Kiswahili zaidi. Linawezekana kwa -li-, -na- na -taka-: waliochukua, wanaochukua, watakaochukua. Kwa -me- haliwezekani, hakuna "wameochukua", hapo mtaandika "ambao wamechukua". Kwenye ukanushi muwe waangalifu: "wasiochukua" haitaji wakati wowote, kwa hiyo mkitaka kusema wiki iliyopita hawakuchukua, andikeni "ambao hawakuchukua".

Mkato nao haufai. "Wafanyakazi wote waliochukua fomu" ni kirai nomino kimoja, kishazi rejeshi kikiwa ndani yake kama kivumishi. Kirai hicho ndicho kiima cha "wazirejeshe", na hatutii mkato kati ya kiima na kitenzi chake, hata kiima kiwe kirefu kiasi gani. Najua pumzi inakatika mtu anaposoma kwa sauti. Apumue tu, asiandike pumzi yake. Kishazi cha -ki- kikitangulia ni tofauti, huko mkato unakubalika, kwa kuwa kiko nje ya kiima.

Bandikeni hili: "Wafanyakazi wote waliochukua fomu wazirejeshe masjala kabla ya Ijumaa."