Usisubiri Mpaka Unawe Mikono

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Bwana asifiwe, dada. Nimetubu mara nyingi mpaka naona haya kumwendea Mungu tena." Sikulala. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Mwaka 2016 nilivuliwa uongozi wa kwaya mbele ya kanisa zima. Kosa nilikuwa nalo, sikatai. Lakini hakuna aliyebisha hodi kwangu hata kunijulia hali, na hilo linaniuma hadi leo. Miaka miwili sikusali. Nilijiambia nitarudi nikishajisafisha.

Kilichonirudisha ni sala fupi ya Wayahudi niliyofundishwa nikisoma theolojia, Mode Ani. Wanawake husema Moda Ani. Huisema mara tu wanapofumbua macho, wakiwa bado kitandani: nakushukuru, Mfalme uliye hai na wa kudumu, kwa kunirudishia roho yangu kwa huruma; uaminifu wako ni mkuu. Inatoka kwa rabi wa mji wa Safed, Moshe ben Makhir, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1599. Angalia vizuri: jina la Mungu halimo. Mtu akiamka, mikono yake huhesabiwa si safi mpaka ainawe, na jina hilo hulihifadhi hadi hapo. Kwa hiyo hata ambaye hajanawa ana la kumwambia Mungu! Nilipoelezwa hilo, nililia mbele ya darasa.

Tena, tarehe 9 ya mwezi wa Av katika kalenda yao, Wayahudi wanapoomboleza kubomolewa kwa Hekalu, huketi chini wakasoma Maombolezo. Mstari wa mwisho ni mchungu, unazungumzia kukataliwa. Hawaishii hapo. Humrudia Mungu kwa mstari unaoutangulia, wa 21: uturudishe kwako, uzifanye mpya siku zetu. Marabi wa kale wanasimulia Israeli na Mungu wakivutana juu ya mstari huo: Israeli anasema kazi ni yako, uturudishe, Mungu anajibu ni yenu, nirudieni.

Ndugu yangu, wewe anza tu. Usingoje ustahili. Katika Malaki Mungu anasema hana kigeugeu, na ndiyo maana wana wa Yakobo hawakuangamizwa. Wanadamu watakuvua cheo na kukusahau; Yeye yuko palepale ulipomwacha. Anza, nakusihi.

Kesho simu ikikuamsha, kabla hujagusa maji, iseme sala hiyo ukiwa ndani ya chandarua. Kisha niandikie.